Picha Si Kali? Tafuta Kwanza Ukali Umekwenda Wapi

Wapiga picha wengi wa hapa Kigoma wanaohamia fulu fremu, yaani kamera yenye sensa kubwa (sensa ni kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha), huja na lalamiko moja: kamera ya zamani yenye sensa ndogo ilitoa picha kali, hii ya bei kubwa inatoa picha zilizolegea. Lawama ya kwanza inaiangukia lenzi, na baada ya hapo wanaanza kutafuta nyingine. Hapo ndipo hela inapopotea. Kupata lenzi nzuri hapa mjini ni bahati. Unaagiza Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, unalipa kabla hujaishika, na ikifika ukakuta tatizo bado liko palepale, kuirudisha ni kazi nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote, chukua picha moja iliyokukera, ifungue kwenye kompyuta, ikuze mpaka asilimia 100 na uizungukie yote polepole. Skrini ya kamera ni ndogo mno kwa kazi hii, kila picha huonekana kali pale. Unatafuta jibu la swali moja: ukali umekwenda wapi? Kuna picha ambayo ukali upo ila umeangukia pasipotakiwa. Kuna ambayo haina ukali popote. Kuna iliyo kali upande mmoja na kulegea upande wa pili. Na kuna ile ambayo mistari ipo lakini kama imefunikwa na moshi. Kila moja ina chanzo chake, na vyanzo vingi haviponi kwa lenzi mpya.

Sikio kali, jicho limelegea

Hili ndilo linalowasumbua zaidi wanaotoka sensa ndogo, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Sensa ya fulu fremu ina milimita 36 kwa 24. Ile ndogo uliyotoka nayo, iitwayo APS-C, imepungua kwa mara 1.5 kila upande, kwa Canon mara 1.6. Ile lenzi ya 50mm (namba ya mm ikiwa kubwa, lenzi inavuta zaidi) uliyozoea kupigia picha za nusu mwili, ukiivalisha fulu fremu inaonyesha eneo pana zaidi. Ili upate picha uliyoizoea, unasogea karibu au unavaa 85mm. Njia zote mbili zinapunguza kina cha fokasi, yaani ule unene wa eneo linaloonekana kali kutoka mbele kwenda nyuma. Ukiwa na 85mm kwenye f/1.8 (namba ya f ni kipimo cha apacha, tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ikipungua, tundu linapanuka) na bibi harusi amesimama mita 2 mbele yako, unene huo ni sentimita 6 hivi. Kutoka ncha ya pua hadi sikio ni zaidi ya hapo. Akigeuza uso kidogo kumtazama mumewe, jicho la mbali limeshatoka.

Bana apacha mpaka f/2.8 upate kama sentimita 9, au f/4 upate kama 13. Mandhari ya nyuma bado yatayeyuka vizuri, maana 85mm kwenye fulu fremu inayeyusha hata kwa f/4. Watu wananunua lenzi ya f/1.8 wakaona ni kuiharibu wasipopiga kila kitu kwa f/1.8. Sikubaliani na hilo. Ile f/1.8 umeilipia kwa ajili ya ukumbi wenye giza, na kwa picha ya mtu mmoja aliyetulia. Familia iliyojipanga mistari miwili mbele ya kanisa inataka f/5.6 au f/8, na fokasi uiweke kwa mtu wa mstari wa mbele.

Ikiwa umebana na bado sikio ndilo kali, tazama unavyofokasi. Wengi wanaweka kidoti cha fokasi cha katikati juu ya jicho, wanabonyeza kitufe cha shata nusu, halafu wanageuza kamera ili kupanga picha. Kwenye lenzi ya kit ya f/5.6, ile inayouzwa pamoja na kamera, hukuona madhara. Kwenye 50mm ya f/1.8 ukiwa karibu, kule kugeuza kunazungusha bamba zima la fokasi, na bamba linaangukia nyuma ya jicho. Hamisha kidoti chenyewe kiende juu ya jicho. Kwenye DSLR (kamera zenye kioo ndani) za zamani ambazo ndizo nyingi mitaani, mfano Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 yenye vidoti 9, au 6D ya mwaka 2012 yenye vidoti 11, kidoti cha katikati peke yake ndicho cha msalaba, kinachosoma mistari ya wima na ya mlalo pamoja. Vya pembeni ni dhaifu, hasa gizani. Kwa kamera kama hizo, tumia cha katikati, acha nafasi kuzunguka mtu, kisha kata picha baadaye kwenye kompyuta. Utapoteza pikseli kidogo na utabaki na jicho kali.

Sababu nyingine ni mwendo wa mbele na nyuma. Bibi harusi anayeingia ukumbini taratibu kabisa anatembea kama mita 1 kwa sekunde. Ukifunga fokasi kwa hali ya mara moja, ile ambayo Nikon na Sony wanaiita AF-S na Canon One Shot, halafu ukachelewa nusu sekunde kubonyeza, amesogea nusu mita. Kina chako ni sentimita 6. Mtu yeyote anayetembea, anayecheza au anayeyumba kwa kuimba anahitaji hali ya kufuatilia, AF-C au AI Servo. Na hata wewe unayumba. Ukiwa umechuchumaa na 85mm iko wazi, mwili wako wenyewe unaweza kusogea sentimita kadhaa bila kujua, kwa hiyo hali ya kufuatilia inafaa hata kwa mtu aliyeketi.

Kwa kazi hiyo, hamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma cha AF-ON, shata ibaki na kazi ya kupiga tu. Ukishikilia kitufe, kamera inafuatilia. Ukikiachia, fokasi imefungwa. Kidole gumba kitachukua siku chache kuzoea, na baada ya hapo hutarudi.

Mwisho wa tatizo hili ndipo tunapofika kwenye lenzi na kamera zenyewe. DSLR haifokasi kwa sensa inayopiga picha. Mwanga unapita kwenye kioo na kushuka kwenye sensa nyingine ndogo iliyo chini, na hiyo ndiyo inayoiambia lenzi isimame wapi. Vipimo vya njia hizo mbili vikitofautiana hata kidogo, kamera inaamini imefokasi ilhali ukali umeangukia mbele au nyuma. Kupima ni rahisi. Panga viberiti vitano mezani, kila kimoja kikae sentimita 3 nyuma ya mwenzake na kando kidogo. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, mita 2 hivi, apacha wazi kabisa. Fokasi kiberiti cha katikati kwa kutazama dirishani, pale unapoweka jicho, piga. Vuruga fokasi kwa mkono, rudia mara kadhaa. Sasa washa skrini ya nyuma, fokasi kiberiti kilekile kupitia skrini, piga. Ikiwa kwa skrini cha katikati ni kikali kila mara, na kwa dirisha kila mara ni kile cha nyuma, lenzi yako ni nzima. Ingia kwenye menyu ya marekebisho ya fokasi; kwenye 5D Mark II, 6D, Nikon D700 au D750 ipo, na inakwenda kutoka -20 hadi +20. Minasi inavuta fokasi karibu na kamera, plasi inaisukuma mbali. Ikiwa kwa dirisha mara kinakuwa kikali cha mbele, mara cha nyuma, bila mpangilio, hakuna namba itakayokusaidia. Hapo ni mwanga hafifu, kidoti dhaifu au mota iliyochoka.

Kamera zisizo na kioo, kuanzia Sony A7 ya mwaka 2013 mpaka Canon EOS R na Nikon Z zilizotoka 2018, zinafokasi kwa sensa ileile inayopiga. Tatizo hili kwao halipo. Ndiyo maana mwenye lenzi za f/1.4 au f/1.8 anapata nafuu kubwa akihama kutoka DSLR, hata akibaki na lenzi zake zilezile kwa adapta.

Mkono mkali, uso umepotea

Kina hicho hicho kinakusumbua kwa namna nyingine unapopiga mazingira ya kazi. Nenda Katonga asubuhi dagaa wanapoanikwa. Unamkuta mama ameinama, kiganja kimejaa dagaa wabichi wanaong'aa, anawarusha kwa mkono mmoja wakatawanyika kama zulia la fedha.

"Shikamoo mama. Naomba nikupige picha ukiwa kazini."

"Marahaba. Piga tu mwanangu, ila na dagaa waonekane."

Ombi lake ndilo linalokuchagulia lenzi na apacha. Ukimpiga kwa 85mm utapata uso mzuri, na dagaa watakuwa doa jeupe. Vaa 35mm, sogea mpaka mkono wake uwe mita 1 kutoka kwako. Kwa f/2 kina ni sentimita 10 hivi: vidole vitakuwa vikali hadi magamba ya dagaa yahesabike, na uso nyuma yake utakuwa umepotea. Kwa f/8 kina kinafika karibu sentimita 40, mkono na uso vinaingia pamoja. Jua la Kigoma saa tatu asubuhi linakupa mwanga wa kutosha kubana hadi hapo bila kupandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga. Fokasi iweke kwenye jicho, maana msomaji wa picha atamtazama yeye kwanza.

Kwa mandhari kuna hesabu inayokuondolea wasiwasi kabisa. Ukiwa na 24mm kwenye f/8 na fokasi umeiweka mita 2.4, kila kitu kuanzia mita 1.2 hadi upeo wa macho kinakuwa kikali. Unataka kamba nene za gatini mbele na MV Liemba nyuma, meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kushushwa ziwani hapa Kigoma mwaka 1915? Zima otofokasi, kadiria hatua tatu fupi, fokasi hapo, piga. Ukiiachia kamera ichague, itachagua kamba na meli italegea, au itachagua meli na kamba zitalegea. Kwa 35mm umbali huo unasogea hadi mita 5 hivi, na ukali unaanza kama mita 2.5.

Hakuna kilicho kali popote

Umezunguka picha nzima na huoni hata jani moja lililokaza. Tafuta nukta ya mwanga: taa, mng'ao kwenye jicho, kifungo cha shati. Ikiwa nukta hiyo imevutika kuwa kamstari, na kila nukta nyingine imevutika upande uleule, mkono wako ulitikisika. Ikiwa ukuta ni mkali na mtu pekee ndiye aliyevutika, shata ilikuwa ya polepole kwa mwendo wake. Ikiwa nukta imekuwa duara laini, ndipo fokasi yenyewe ilikosa.

Kwa mkono, kanuni ya zamani bado inafaa: spidi ya shata isipungue moja chini ya urefu wa lenzi, yaani 1/200 kwa lenzi ya 200mm. Kwa kamera zenye megapikseli nyingi ongeza mara mbili. Kitulizi cha lenzi kinasaidia mkono wako tu. Kwaya ya vijana ikianza kuruka, kitulizi hakiwatulizi wao. Wanataka 1/250, na wakichangamka, 1/500. Fulu fremu inakupa nafasi ya kwenda ISO 3200 au 6400 bila picha kuharibika, kwa hiyo itumie. Chenga kidogo za ISO kubwa mteja hazioni. Mkono uliovutika anauona.

Ndani ya boti kutoka Kibirizi kwenda kaskazini, mtetemo wa injini unapita kwenye mbao. Usiegemeze viwiko ukingoni. Kaa, beba kamera kwa mikono yako mwenyewe, mwili umeze mtetemo, na usishuke chini ya 1/1000 kwa lenzi ndefu.

Usiku, boti za dagaa zikiwa zimewasha taa ziwani, watu huweka stendi ufukweni na bado kila taa inatoka ikiwa kamstari. Stendi haitikisiki, boti ndiyo inayopanda na kushuka na maji. Hapo huna dawa nyingine ila kufungua apacha, kupandisha ISO na kufupisha muda.

Lenzi inakwenda na kurudi, haishiki

Otofokasi inasoma tofauti ya giza na mwanga. Ukuta mtupu, suti nyeusi, shela jeupe lisilo na nakshi, vyote havina cha kusoma. Elekeza kidoti kwenye ukingo: kola inapokutana na shingo, ua linapokutana na shela, mstari wa nywele. Ukumbini kuna shida ya ziada ya taa za rangi. Chini ya taa ya bluu tupu au nyekundu tupu, kamera nyingi zinayumba. Subiri taa zibadilike au omba fundi taa aache nyeupe moja ikiwaka wakati wa keki na pete. Zungumza naye mapema, kabla MC hajaanza. Mafundi wengi hukubali wakiombwa vizuri.

Hapa uchaguzi wa lenzi una uzito wa kweli, kwa sababu kamera inafokasi apacha ikiwa wazi kabisa, hata kama utapiga kwa f/8. DSLR nyingi zinakata tamaa lenzi ikiwa na giza kuliko f/5.6. Lenzi ya kit inayoishia f/5.6 ukiivuta ipo ukingoni mwa uwezo. Ile ya f/2.8 inaruhusu mwanga mara nne zaidi. Ikiwa sherehe za ukumbini ndizo zinazokulisha, 24-70mm ya f/2.8 iliyotumika ina faida kuliko 24-105mm ya f/4 iliyo mpya. Kisha ongeza 85mm ya f/1.8. Kwa uzito wa mfuko wa wengi wetu, hizo mbili zinatosha kwa miaka.

Kabla hujafika huko, hakikisha mambo mawili madogo. Kwanza, umbali: 85mm nyingi hazifokasi karibu zaidi ya sentimita 80 au 85, kwa hiyo pete kidoleni huipati kwa lenzi hiyo. Pili, lenzi ndefu kama 70-200mm au 100-400mm huwa na swichi ya kuzuia umbali wa karibu. Mtu aliitelezesha mfukoni, na sasa lenzi haishiki kitu kilicho karibu.

Jioni ufukweni kuna tatizo la aina yake. Kwetu jua linazama ziwani, nyuma ya milima ya Kongo, na kila maharusi wanataka wasimame na jua mgongoni. Mwanga unaingia lenzi moja kwa moja, sura inakuwa giza, kamera yenye kutafuta macho inatangatanga. Simama pale ambapo kichwa cha mmoja wao kinalifunika jua, ivalishe lenzi kofia yake ya kukinga jua, ongeza mwanga usoni kwa flashi au kitambaa cheupe. Sura ikionekana, kamera italipata jicho. Na kama shela limefunika uso, zima utafutaji wa macho, tumia kidoti kimoja kidogo.

Majani makali, sokwe hana ukali

Hifadhi ya Gombe iko kilomita 16 hivi kaskazini ya mji, na mgeni mwenye lenzi ndefu huamini amejiandaa. Msitu wa mabondeni ni giza, sokwe ni weusi, na mbele yao kuna majani yanayong'aa. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe, itachukua jani la karibu kila mara. Tumia kidoti kimoja, kidogo kabisa ulichonacho, kipenyeze kati ya majani hadi kwenye paji la uso au pembeni mwa jicho ambako ngozi inakutana na manyoya. Katikati ya mgongo mweusi hakuna cha kushika. Lenzi ikikimbilia jani, irudishe kwa pete ya mkono bila kuzima otofokasi. Lenzi nyingi zenye mota ya ultrasonic zinaruhusu hivyo. Au zima kabisa otofokasi. Hugo van Lawick, aliyefika hapo mwaka 1962 kupiga picha za kazi ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifokasi yote kwa vidole.

Kwa msitu huo 70-200mm ya f/2.8 inaishinda 150-600mm ya f/6.3. Ukiivuta ile ndefu, utakuwa umepoteza zaidi ya stopu mbili za mwanga (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu) mahali ambapo huna hata moja ya kutoa, na flashi hairuhusiwi. Sokwe akijaza fremu, punguza mwanga kwa -1 hivi, vinginevyo kamera itamgeuza kijivu na kukupa shata ya polepole bila sababu.

Boti ya mbali imelegea, ingawa fokasi iko sawa

Saa saba mchana, 400mm, boti ya migebuka kilomita kadhaa ndani ya ziwa. Picha inatoka kama imepikwa. Hewa yenye joto juu ya mchanga na maji inachezacheza, na lenzi ndefu inakuza mchezo huo pamoja na boti. Kiangazi, moshi wa mioto ya nyika unaongezeka juu yake. Piga kitu kilicho mita 20 kwa lenzi hiyohiyo. Kikiwa kikali, lenzi haina kosa. Rudi alfajiri au siku iliyofuata mvua. Kununua lenzi ndefu zaidi kwa tatizo hili ni kuongeza tatizo.

Pembe nyeusi, au faili limepungua ghafla

Umevaa lenzi iliyotengenezwa kwa sensa ndogo. Duara lake la mwanga halifiki pembeni. Nikon inaitambua lenzi ya DX na kukata picha yenyewe, kwa hiyo D750 ya megapikseli 24 inakupa 10 hivi. Canon EF-S haiingii kabisa kwenye DSLR ya fulu fremu, na kwenye EOS R kwa adapta inaingia lakini picha inakatwa. Ukinunua kwa mtu, soma maandishi ya lenzi: DX kwa Nikon, EF-S kwa Canon, Di II kwa Tamron, DC kwa Sigma. Bora 50mm ya f/1.8 ya bei ndogo iliyo ya fulu fremu kuliko zumu nzuri ya sensa ndogo.

Lenzi ya zamani inagoma

Lenzi za mzazi au za studio iliyofungwa zinaweza kufanya kazi nzuri sana, ila zina tabia zake. Kwenye Nikon ukiona FEE, pete ya apacha haijafungwa kwenye namba kubwa ya mwisho. Izungushe hadi f/16 au f/22 uifunge. Lenzi za AF-D hazina mota, zinategemea bisibisi ya kamera. DSLR za Nikon za fulu fremu zinayo. Adapta ya FTZ ya kamera za Z haina, kwa hiyo utafokasi kwa mkono. Kamera isiyo na kioo ikikataa kupiga na lenzi ya mkono, tafuta kwenye menyu ruhusa ya kupiga bila lenzi, kisha washa mistari ya rangi inayoonyesha ukali. Usiiamini peke yake kwa f/1.8, kwa sababu inapaka rangi eneo pana kuliko ukali wenyewe. Kuza picha dirishani ndipo upige.

Lenzi inafokasi karibu lakini milima ya ng'ambo haipati? Tatizo ni adapta. Mdomo wa kufungia lenzi wa Nikon F umekaa milimita 46.5 kutoka kwenye sensa, wa Canon EF 44. Lenzi ya Nikon inaingia kwenye Canon kwa adapta nyembamba na inafika mbali. Ya Canon kwenye DSLR ya Nikon haifiki, isipokuwa adapta iwe na kioo ndani, na kioo hicho kinashusha ubora. Usinunue. Err 01 kwenye Canon ni mawasiliano kati ya lenzi na kamera. Zima, toa lenzi, futa vile vishikizo vya dhahabu kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi.

Kushoto kali, kulia imelegea

Simama sawasawa mbele ya ukuta wa matofali, kamera kwenye stendi, f/4, piga. Kisha pindua kamera juu chini, piga tena. Ulegevu ukihama upande pamoja na kamera, kioo kimoja ndani ya lenzi kimekaa upande, mara nyingi baada ya kuanguka au safari ndefu ya bodaboda kwenye barabara mbovu bila sponji begini. Marekebisho ya menyu hayagusi hili. Ni kazi ya fundi mwenye vifaa, na kwa lenzi ya bei ndogo gharama yake hufika bei ya nyingine. Mpaka hapo, ipige kwa f/8.

Ukali upo, ila kuna moshi

Anza na kitambaa. Alama ya kidole kwenye kioo cha mbele inatosha kutia moshi. Inayofuata ni filta: vua ile ya bei ndogo, piga tena, linganisha, hasa kwa lenzi ndefu na usiku, ambako filta hurudisha taa za ukumbi zikaonekana mara mbili. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda ufukweni, unyevu unaganda kwenye kioo baridi. Usifute na usifungue lenzi. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi ipate joto polepole. Mwishowe imulike kwa tochi kutoka nyuma, apacha ikiwa wazi. Ukiona nyuzi kama za buibui, ni fangasi. Iweke mbali na nyingine, na nyingine zote zihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana na pakiti za silika za kunyonya unyevu, hasa masika.

Na kama picha ni kali kwenye kompyuta ila dirishani unaona ukungu, zungusha kale kagurudumu kadogo pembeni ya dirisha la kutazamia mpaka maandishi ya ndani yasomeke vizuri. Kamepimwa kwa macho ya mwenye kamera aliyepita.